Msiuze Trekta la Mzee

Hudhuria mkutano wowote wa kilimo kutoka Amagoro hadi Funyula, katika kaunti yetu ya Busia, na utayasikia maneno yale yale, kutoka kwa afisa, kwa mwanasiasa, na kwa kijana aliyekuja likizo kutoka Nairobi. Kwamba matrekta makuukuu yaliyobaki kwenye maboma ya watu ni aibu na hasara. Yanakunywa dizeli, yanatoa moshi, yanaharibika msimu unapoanza, spea zake zimekwisha duniani, na isitoshe mashamba yenyewe yamegawanywa hata hayastahili trekta. Basi yapimwe kwa kilo, yauzwe kama chuma chakavu, na mkulima asubiri trekta jipya la serikali, au akope benki, au abonyeze simu akodi la mtu mwingine.

Maneno haya yamerudiwa hata hakuna anayeyadai ushahidi. Ninayakataa karibu yote. Iko sehemu moja ambapo wanaoyasema wana haki kabisa, nami nitaitaja mahali pake. Lakini kwa jumla huu ni ushauri mbaya, na wanaopewa ndio hasa wasioweza kumudu matokeo yake.

Nianze na hesabu, maana wapinzani wa matrekta ya zamani hupenda kusema kwamba wao ndio wenye hesabu. Trekta zuri lenye plau la sahani tatu, udongo ukiwa na unyevu wa kutosha, litalima kama eka nane kwa siku. Mvua za masika zikishaanza mwezi wa Machi, mkulima wa Teso au Butula ana wiki mbili hivi za kulima na kupanda kabla hajachelewa. Siku 14 mara eka 8 ni eka 112. Busia ina wadi 35. Kila wadi ingepewa trekta jipya la umma, lisiharibike hata siku moja, dereva asiugue, dizeli isikosekane, yote kwa pamoja yangelima eka 3,920 katika wiki hizo. Hizo hazifiki kilomita za mraba 16, katika kaunti yenye karibu kilomita za mraba 1,700. Anayesema mkulima auze lake asubiri la umma hajapiga hesabu hii, au ameipiga akanyamaza.

Tuje kwenye mkopo. Tuseme umekopa shilingi milioni 3 kwa riba ya asilimia 15. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni shilingi 450,000. Kama kulima eka moja ni shilingi 3,500, itakubidi ulime zaidi ya eka 128 za watu kwa ajili ya riba tu, kabla hujanunua dizeli, hujamlipa dereva na taniboi, wala hujagusa hata senti ya deni lenyewe. Umeona? Masika yote, zile eka 112, hayatoshi kulipa riba. Huyu mkulima ataanza kulima kwake mwenyewe lini? Atakuwa dereva wa benki, akikesha barabarani kutoka Adungosi hadi Bumala akitafuta kazi za kukodiwa, na shamba la nyumbani litapandwa mwisho. Trekta lililokwisha kulipiwa miaka mingi iliyopita halina riba. Msimu ukiwa mbaya linakaa chini ya mwembe, halidai kitu. Faida hii haiandikwi kwenye vitabu vya wataalamu wetu, lakini ndiyo inayoamua kama familia itabaki na hati ya shamba au itaiweka rehani.

Majirani zetu wamekwisha kutuonyesha njia hii inakofikia. Tanzania, katika siku za sera yake ya Kilimo Kwanza, ilikopa dola milioni 40 kutoka India, ikaleta zaidi ya matrekta 1,800 aina ya Farmtrac na New Holland, yakauzwa kwa mkopo kupitia SUMA JKT, shirika la jeshi la kujenga taifa. Miaka ikapita jeshi likiwa bado linawasaka wadaiwa. Halafu kuanzia mwaka 2017 yakaja matrekta ya URSUS kutoka Poland, yakaunganishwa Kibaha katika kiwanda cha TAMCO. Wakulima wakalalamika kwamba yanaharibika mapema, na mwaka 2021 kampuni ya URSUS yenyewe ikafilisika kwao Poland. Mtu aliyenunua jipya akajikuta na kitu ambacho mtengenezaji wake amefilisika. Hapa Kenya, Januari 2025, CMC Motors ilitangaza kwamba inafunga biashara yake Afrika Mashariki, na CMC ndiyo iliyokuwa ikiuza New Holland. Sisemi New Holland ni mbaya; ni trekta la kazi. Nasema upya wa trekta unategemea duka, na duka linaweza kuondoka.

Na hili la spea kwisha duniani ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu ni uongo unaoweza kupimwa kwa kwenda sokoni. Massey Ferguson 135 ilitoka Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964. Injini yake iliyoenea zaidi ni Perkins ya silinda tatu, inchi za ujazo 152, nguvu farasi kama 45. Kiwanda cha Coventry kilifungwa zamani. Lakini injini ile haikufa. Huko Lahore, Pakistan, kiwanda cha Millat kiliendelea kuifunga kwenye Massey Ferguson 240, na karakana za Pakistan, India na Uturuki zinatengeneza pistoni, ringi, gasketi, klachi na bering zake kila siku. Ndiyo maana fundi wa Malaba akikosa kitu Nairobi, Kirinyaga Road, anapiga simu Kampala, soko la Kisekka, na mzigo unapanda basi jioni. Ni matrekta machache mapya yenye mtandao wa spea mkubwa kama huo. Kwa trekta lililoingia nchini mwaka juzi, mwenye spea ni mmoja tu, naye ndiye anayepanga bei.

Hata Wamarekani wamelijua hili. Wakulima wao walipoona kwamba matrekta mapya yamefungwa kwa programu za kompyuta ambazo fundi wa kijijini haruhusiwi kuzifungua, walianza kugombania matrekta ya miaka 40 kwenye minada. Jimbo la Colorado likapitisha sheria mwaka 2023 ya kumpa mkulima haki ya kutengeneza mashine yake mwenyewe. Mkulima wa Chakol anayo haki hiyo tayari, imo ndani ya trekta la baba yake, na sisi tunamshauri aiuze kwa kilo.

Wanaosema matrekta haya yanatoa moshi hawasemi moshi wa rangi gani, na hapo ndipo ninapojua kwamba hawajawahi kusimama na fundi. Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa: filta ya hewa imezibwa na vumbi la Februari, au nozeli zinatiririsha badala ya kunyunyiza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua kwa sababu ringi zimelika. Moshi mweupe usiokoma injini ikisha kupata joto ni dizeli isiyoungua, au maji yanayopenya silindani kupitia gasketi iliyokatika. Kila kimoja kina dawa yake, na hakuna hata kimoja ambacho dawa yake ni trekta jipya. Nozeli zikipimwa na kurekebishwa, filta ile ya bakuli la oili ikioshwa kila jioni wakati wa vumbi, trekta lile lile lililoitwa mlevi wa dizeli linarudi kwenye matumizi yake ya kawaida.

Kinachoua injini hizi kabla ya wakati wake mara nyingi ni mafuta, na hapa mpakani tunajua kwa nini. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili wachanganyaji wasione faida. Pampu ya dizeli aina ya CAV iliyofungwa kwenye Massey na Ford nyingi hailainishwi na oili ya injini. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa hayana utelezi huo. Chuma kinasaga chuma, pampu inachoka, trekta linagoma kuwaka asubihi, na mwenye nalo anaambiwa kwamba limezeeka. Lakini tuulize: trekta jipya lenye pampu ya shinikizo kubwa linaloongozwa na kompyuta litaishi vipi kwa mafuta hayo hayo? Litakufa mapema zaidi, maana nafasi kati ya vyuma vyake ni nyembamba zaidi, na kulifufua kunahitaji mashine za kupimia ambazo kijiji hakina. Anayetaka kupunguza matrekta yaliyosimama Busia aanze na pipa la dizeli.

Mtu atanikumbusha Kongwa. Ni kweli, mwaka 1947 Waingereza walileta Tanganyika mashine kuukuu zilizobaki vitani ili wafyeke msitu na kupanda karanga. Walilenga eka 150,000 msimu wa kwanza, zikapandwa kama 7,500, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umevunjika na mamilioni ya pauni yamepotea. Mfano huu hutajwa kila mara kuthibitisha kwamba mitambo ya zamani haifai. Usome upya. Mashine zilifika kabla ya karakana, kabla ya spea, kabla ya mtu yeyote kuujua udongo wa Kongwa unavyokauka ukawa mgumu kama saruji. Yangekuwa matrekta mapya matupu yangekufa vile vile. Kilichokosekana Kongwa ni fundi aliye karibu na mwenyeji anayeujua udongo, na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo trekta la zamani la Nambale linavyo tayari.

Au tusiende mbali hivyo. Tuangalie Mumias. Kiwanda chake cha sukari kilianza kusaga mwaka 1973, na wakulima wengi wa Butula, Nambale na Matayos walilimiwa na kampuni: kampuni ililima, ikapiga haro, ikachora mitaro, ikaleta mbegu na mbolea, kisha ikakata gharama zote kwenye malipo ya miwa. Lilionekana jambo la kisasa. Kwa nini mtu ajisumbue na trekta lake mwenyewe, na oili mikononi, wakati mtambo wa kampuni unakuja mpaka mlangoni? Septemba 2019 Mumias ikawekwa chini ya mrasimu wa benki, baada ya miaka ya kusuasua na madeni ya wakulima. Waliozoea kulimiwa wakabaki na ardhi bila plau. Waliokuwa na Massey zao nyuma ya nyumba walibadilisha mazao, wakalima mahindi, mihogo na mtama, wakavuta trela za miwa kupeleka viwanda vingine. Huu ni ushahidi uliotokea mbele ya macho yetu, hauhitaji mtafiti kutoka nje.

Sasa hoja ya ukubwa wa mashamba. Wanasema vipande vimekuwa vidogo, trekta la familia halina kazi tena. Udogo wa vipande ni kweli na ni hatari. Hata Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 68, inalitaka Bunge liweke kiwango cha chini na cha juu cha ardhi. Lakini angalia kinachotokea kwenye boma lenye trekta. Trekta halipendi kipande kifupi. Linahitaji mahali pa kugeukia, na kila kona unapoteza muda na dizeli. Kwa hiyo ndugu wanne waliogawiwa eka mbili mbili wanakubaliana: mti wa lusiola unaoonyesha mpaka unaachwa kwenye ncha zote mbili, katikati panalimwa moja kwa moja, eka nane kwa pamoja, siku moja. Kila mtu anajua mistari yake, kila mtu anavuna chake. Hati ni nne, shamba ni moja. Trekta linapouzwa mapatano hayo yanavunjika ndani ya msimu mmoja. Huyu analima Machi kwa jembe la mkono, yule anakodi Aprili, wa tatu anakodisha kipande kwa mgeni, wa nne anatafuta mnunuzi. Ninaamini trekta la mzee limezuia ardhi nyingi kuuzwa kuliko mikutano mingi ya upatanisho.

Na jembe la mkono hilo linashikwa na nani? Na mama. Tunaposema trekta limekwisha, tunamaanisha mgongo wa mtu fulani umeanza.

Wengine watasema turudi kwenye maksai, kwa kuwa Wateso wamelima kwa plau ya ng'ombe tangu mapema karne ya 20. Sina ugomvi na maksai. Kwenye udongo wa kichanga wanalima vizuri. Lakini ukanda wetu ni ukanda wa mbung'o, na nagana haijatuacha. Jozi ya maksai ikifa Februari, hakuna fundi wa kuifufua.

Udongo pia una neno. Massey 135 ina uzito wa kama tani moja na nusu. Trekta jipya la nguvu farasi 80 au 90, lenye magurudumu yote manne ya kuvuta, linaweza kufika tani 3. Likipita msimu baada ya msimu kwenye shamba dogo lenye unyevu linashindilia udongo, na chini ya kina cha plau panajengeka tabaka gumu ambalo mizizi ya mahindi haipenyi na maji hayashuki. Wenye kutangaza ukubwa wa mashine kama maendeleo hawaitaji hasara hii.

Nilisema iko sehemu ambapo wapinzani wangu wana haki. Ni usalama, na hapa sitaki kupunguza ukali wa maneno yao. Mengi ya matrekta haya hayana fremu ya kumkinga dereva yakipinduka. Shafti inayozungusha mashine nyuma inazunguka wazi, bila kifuniko, karibu na nguo za watu. Breki za upande mmoja zimekufa, na trela la miwa linashuka usiku barabara ya Bumala bila taa hata moja. Sweden iliamuru fremu za kinga kwenye matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Sisi hadi leo tunawabeba watoto juu ya madigadi ya matairi ya nyuma. Hili halina utetezi. Lakini dawa yake ni fremu ya chuma kizito iliyotengenezwa kwa vipimo sahihi, kifuniko cha shafti, breki na taa, vitu ambavyo karakana ya Malaba ikipewa michoro na ukaguzi inaweza kuvifunga kwa sehemu ndogo sana ya bei ya trekta jipya. Anayejali kweli maisha ya madereva aanzie hapo. Kulitaja jambo la usalama ili kuuza mkopo ni kuwatumia waliokufa.

Basi fedha za umma ziende wapi? Ziende kwa fundi. Vijana wanaofungua injini hizi chini ya miti kutoka Alupe hadi Kocholia wamejifunza kwa kushika spana miaka mingi. Wengi hawana karatasi. Mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, ina mitihani ya ufundi ya madaraja. Kaunti ilipe ada zao, iwaletee mtahini hapa hapa Busia, wapate vyeti, wachukue na vijana wa chuo cha Bumbe Technical kama wanagenzi. Kila kaunti ndogo kati ya saba ipate mashine ya kukerezea chuma na benchi la kupimia nozeli na pampu, viwekwe mikononi mwa chama cha mafundi chenye hesabu zinazokaguliwa, visifungiwe kwenye yadi ya ofisi. Bei ya matrekta machache mapya ingefanya kazi kubwa sana hapo, na kazi hiyo ingefufua matrekta mengi kwa mpigo.

Halafu mpaka. Trekta zima la kilimo linaingia Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha. Ni sera nzuri. Lakini mkulima anayevuka daraja la Malaba na nozeli nne mfukoni hakuandikiwa njia yake. Cheti rahisi cha asili, kile kinachomruhusu mfanyabiashara mdogo kupita na bidhaa zisizozidi dola 2,000, ni cha vitu vilivyozalishwa ndani ya jumuiya. Nozeli ya Lahore iliyonunuliwa Kampala haimo. Tulijengewa kituo cha pamoja cha mpakani Busia, marais wawili wakakizindua Februari 2018, na bado mtu mwenye gasketi ya trekta anashawishika kupita njia za panya kana kwamba amebeba bangi. Wizara za biashara za Kenya na Uganda zinaweza kukaa na kuandika orodha fupi ya spea za mashine za kilimo zitakazopita kwa utaratibu mwepesi. Ingewasaidia wakulima wa pande zote mbili za Mto Malaba kuliko hotuba nyingine yoyote ya ujirani mwema.

Ndugu msomaji uliyeachiwa trekta na baba au ami, kabla hujamwita mwenye mizani ya chuma chakavu, mwite fundi apime kompresheni ya kila silinda, afungue kifuniko cha pampu, akague giaboksi na hidroliki. Uliza bei ya ringi, gasketi na nozeli Busia, Nairobi na Kampala, uandike. Kisha kaa na ndugu zako, pamoja na dada zako maana nao ni warithi kisheria, mlinganishe hesabu hiyo na pesa za kilo. Na wanaotaka kura zetu Agosti 2027 watakapokuja na picha za matrekta yanayong'aa, waulizeni ni fundi gani, wa wadi gani, atakayeyatengeneza mwaka wa tano.